Nafasi ya Asiyekunywa: Mzigo wa Pombe Mpakani na Ujira wa Dereva Muislamu

  

Ndugu Waislamu, katika makala yetu ya leo tumekusudia kulizungumzia jambo linalowagusa vijana wetu wengi wa Arusha, Mto wa Mbu na Karatu, nalo ni pombe za wageni zinazovushwa mpaka na kusafirishwa katika magari wanayoyaendesha wao. Si jambo la madereva peke yao. Ujira wa kijana huyo ndio unaonunua unga wa nyumbani, ndio unaolipa ada za watoto, na ndio anaoutoa mama anapougua. Kwa hiyo suala la namna ujira huo unavyopatikana ni suala la familia nzima, na ni haki ya familia kulielewa.

Tuanze na sura ya kazi yenyewe. Wageni wengi wanaotaka kuliona bonde la Ngorongoro huanzia safari yao Nairobi. Hufika Namanga kwa gari la Kenya, kisha hapo mpakani huhamia gari la Tanzania, kwa kuwa magari ya utalii ya nchi moja hayaruhusiwi kuendelea tu na wageni mpaka ndani ya hifadhi za nchi nyingine. Mizigo hushushwa upande mmoja na kupakiwa upande wa pili. Kutoka hapo ni zaidi ya kilomita 100 hadi Arusha, kisha Makuyuni, Mto wa Mbu, kupanda ukingo wa Bonde la Ufa, na jioni wageni hulala Karatu ili asubuhi waingie Ngorongoro kupitia lango la Loduare.

Miongoni mwa wageni hao wapo wanaokuja kwa safari ndefu zaidi. Wanapitia Ngorongoro na Serengeti, kisha wanateremka Ziwa Victoria kwenda kuvua sangara kwa ndoano, hasa katika maji ya Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977 ambamo uvuvi wa burudani umeruhusiwa. Wageni wa namna hii, kwa kuwa watakaa siku kadhaa majini na kambini, huja wamejiandaa. Huja na fimbo zao za kuvulia, na mara nyingi huja na masanduku ya bia, mvinyo na pombe kali waliyonunua kabla ya kuvuka mpaka. Na hapo ndipo mtihani wa kijana wetu unapoanza.

Sheria ya forodha inasema nini?

Kabla ya kueleza hukumu ya dini, ni vyema tukaifahamu sheria ya nchi, kwa sababu hukumu ya jambo hutegemea kulijua jambo lenyewe lilivyo. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinatumia sheria moja ya usimamizi wa forodha, iliyotungwa mwaka 2004 na kuanza kutumika mwaka 2005. Sheria hiyo inampa msafiri msamaha wa ushuru kwa vitu vichache alivyofuatana navyo. Kwa upande wa vileo, msamaha huo hauzidi lita moja ya pombe kali au lita mbili za mvinyo kwa msafiri mmoja, na ni kwa aliyetimiza miaka 18. Kinachozidi hapo kinatakiwa kitajwe kwa afisa na kulipiwa.

Msamaha huo una masharti, na masharti yake ndiyo kiini cha mazungumzo yetu. Kitu hicho kinatakiwa kiwe ni mali ya msafiri mwenyewe, kiwe kimefuatana naye, na kiwe ni kwa matumizi yake au ya nyumba yake. Sheria haikusema kwamba kila kichwa kinachopita mpakani kina lita zake ambazo anaweza kumpa au kumuuzia mwenzake.

Sasa tazameni hila inavyofanyika. Wageni wanne wamekuja na chupa za kutosha watu wanane. Mmoja wao, au pengine msimamizi wa safari, anahesabu watu waliopo na kuwatazama dereva na mpishi waliovuka upande wa pili kuja kuwapokea. Kisha anawaambia kwa ucheshi kabisa: "Ninyi hamnywi, kwa hiyo nafasi zenu ziko tupu. Tusaidieni chupa mbili mbili. Mkiulizwa, semeni ni zenu." Kijana anacheka, anazitia chupa katika begi lake, chini ya kanzu yake ya Ijumaa na mswala wake, na anapita. Hakunywa, hakununua, hakuuza. Anajiona hana lawama yoyote. Je, ni kweli hana lawama?

Pombe na walioizunguka

Ndugu msomaji, uharamu wa kunywa pombe haumo katika mjadala. Qur'an iliwalea watu kwa hatua. Katika Suratul Baqara aya ya 219 imeelezwa kuwa ndani yake mna dhambi kubwa na baadhi ya manufaa kwa watu, na dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa hayo. Katika Suratun Nisaa aya ya 43 waumini wakakatazwa kuikaribia Swala hali ya kuwa wamelewa. Kisha katika Suratul Maida aya ya 90 na ya 91 ikaja amri ya mwisho ya kuiepuka kabisa, na ikatajwa sababu: shetani anataka kutia uadui na chuki baina ya watu, na kuwazuia wasimkumbuke Mola wao na wasiswali.

Wala haisemwi kwamba pombe ni ile ya zabibu peke yake. Abu Musa al-Ash'ari alipopelekwa Yemen alimuuliza Mtume (S.A.W) kuhusu vinywaji vya watu wa huko, kimoja cha asali na kingine cha shayiri. Jibu alilopewa, kama lilivyopokewa na Bukhari na Muslim, ni kuwa kila kinacholevya ni haramu. Hili linatuhusu sana sisi wa nyanda hizi, kwa kuwa pombe ya asali inajulikana kwa majirani zetu tangu zama za mababu, na bia ya dukani asili yake ni hiyo hiyo shayiri.

Linalohitaji kufafanuliwa ni hali ya yule asiyekunywa lakini amesimama karibu. Imepokewa na Tirmidhi na Ibn Majah kutoka kwa Anas, na ikapokewa na Abu Daud kutoka kwa Ibn Umar kwa matamshi yanayokaribiana, kwamba laana katika jambo la pombe haikukomea kwa mnywaji. Imewafikia pia anayeikamua na anayetaka akamuliwe, muuzaji na mnunuzi, mwenye kunywesha, anayekula thamani yake, anayeibeba na anayebebewa. Na katika Suratul Maida aya ya 2 tumeamrishwa kusaidiana katika wema na uchamungu, na tumekatazwa kusaidiana katika dhambi na uadui.

Hata hivyo, insafu ya kielimu inatulazimu tueleze kwamba maulamaa walizungumza kwa upana juu ya kubeba. Imam Abu Hanifa aliona kuwa Muislamu aliyembebea asiyekuwa Muislamu pombe yake kwa ujira, ujira huo ni halali kwake. Hoja yake ni kuwa kule kubeba kwenyewe si maasi, kwani pombe huweza kubebwa ili imwagwe au igeuzwe siki, na maasi ni kitendo cha mnywaji anachokifanya kwa hiari yake. Wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad bin al-Hasan, hawakukubaliana naye, wakashikamana na hadithi ya laana. Ama wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wetu katika Afrika Mashariki, wameeleza kuwa mkataba wa kukodiwa kubeba pombe ili inywewe hausihi, isipokuwa kama inabebwa kwenda kumwagwa.

Kwa nini tumeitaja khitilafu hii? Kwa sababu kuna vijana waliosikia nusu ya maneno na wakaifanya kuwa kibali cha kila kitu. Imam Abu Hanifa alizungumzia mtu anayebeba mzigo wa mwenziwe, na unajulikana kuwa ni wa mwenziwe. Hakuzungumzia mtu anayesimama mbele ya afisa na kusema kuwa mzigo ni wake. Hakuna madhehebu yoyote yaliyoruhusu uongo huo.

Daraja tatu za kazi ya dereva

Tukiitazama kazi ya dereva kwa makini, tutaona ina daraja tatu, na si haki kuzitia katika hukumu moja.

Daraja ya kwanza ni ya dereva aliyekodiwa kuwachukua watu. Mkataba wake ni kuwafikisha Karatu, kuwateremsha bondeni Ngorongoro, kuwaonyesha wanyama na kuwarudisha salama. Katika mabegi ya watu hao zimo chupa, kama zilivyomo nguo na dawa zao. Yeye hakuzinunua, hakuziomba, hakulipwa kwa ajili yake. Huyu ujira wake ni wa kuendesha gari, na kazi yake kwa asili ni halali. Wala hana wajibu wa kupekua mabegi ya watu. Tukisema huyu naye ameharamishiwa kazi, itatubidi tumharamishie na dereva wa basi la kwenda Mwanza na nahodha wa boti ya kwenda Unguja, jambo ambalo hatumjui mwanachuoni aliyelisema.

Daraja ya pili ni ya dereva anayepewa kazi mahsusi katika pombe hiyo. Anaambiwa apite dukani anunue kreti mbili, alijaze barafu sanduku la vinywaji, na adhuhuri, wageni wanapopumzika kula kando ya chemchemi ya Ngoitokitok, awafungulie chupa na kuwamiminia. Huyu ametoka katika kuwachukua watu na ameingia katika kununua, kubeba na kunywesha, na hayo yametajwa kwa majina yake katika hadithi. Hapa hatuna namna ya kumwambia kuwa ni salama.

Daraja ya tatu ni ya yule wa mpakani, aliyeazima nafasi yake. Huyu amekusanya mambo matatu kwa pamoja: amebeba pombe, amesema uongo, na amevunja sheria ya nchi inayomlinda. Na linalosikitisha ni kwamba huyu ndiye anayejiona yuko mbali zaidi na dhambi, kwa kuwa yeye "hanywi". Kutokunywa kwake ndiko kulikofanywa bidhaa. Heshima aliyojengewa na dini yake, ya kujulikana kuwa ni mtu asiyegusa kileo, ndiyo iliyotumiwa kuipitisha pombe ya wengine. Ni dhulma gani kubwa zaidi ambayo mtu anaweza kuifanyia dini yake kuliko kuigeuza kuwa pazia?

Mtume (S.A.W) ametufundisha, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim, kuwa ukweli humuongoza mtu kwenye wema na wema humfikisha Peponi, na kwamba uongo humuongoza mtu kwenye uovu, na mtu haachi kusema uongo mpaka akaandikwa kwa Mwenyezi Mungu kuwa ni mwongo. Chupa mbili za mgeni hazistahiki kuandikwa hivyo.

Hoja ya ushuru

Wapo wanaojitetea kwa kusema kuwa ushuru wa forodha ni dhulma, na kwa hiyo kuukwepa si kosa. Hatukusudii kuufungua hapa mlango mrefu wa hukumu za kodi. Tunasema tu mambo mawili. La kwanza, aya ya kwanza ya Suratul Maida inatuamrisha kutimiza ahadi, na mtu aliyepewa leseni ya udereva, kibali cha kazi na ruhusa ya kuingia hifadhini amekubali masharti ya nchi aliyomo. La pili, hata huyo anayeshikilia hoja hiyo anazungumzia mali ya halali. Vipi mtu atajitoa muhanga kuiokoa na ushuru mali ambayo yeye mwenyewe haruhusiwi hata kuimiliki?

Isitoshe, hasara ya hila hii haimuangukii mgeni. Kwa mujibu wa sheria hiyo ya forodha, bidhaa iliyopitishwa kwa magendo hutaifishwa, na chombo kilichotumika kuisafirisha nacho huweza kuzuiwa na kutaifishwa. Mgeni atalipa faini, atachelewa siku moja, kisha atarudi kwao akiwa na kisa cha kuwasimulia rafiki zake. Dereva atapoteza kazi, mwenye gari atapoteza gari, na watoto wawili watatu wa Karatu watarudishwa shule kwa kukosa ada. Huo ndio uzito wa chupa ile iliyowekwa chini ya mswala.

Wala serikali kuzuia kileo mpakani si jambo geni katika ardhi hii. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliwekea mipaka uingizaji wa pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na Uingereza ilipokabidhiwa Tanganyika na Umoja wa Mataifa wa wakati ule, mwaka 1922, masharti ya udhamini yaliitaka isimamie kwa ukali uuzaji wa pombe kali. Hao hawakuwa Waislamu, wala hatusemi kuwa nia zao zote zilikuwa njema, kwani wao wenyewe waliendelea kunywa. Lakini walitambua madhara. Katika zama zetu, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku pombe za viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, baada ya kuona namna zilivyowamaliza vijana. Na msafiri yule yule anayefanya mzaha Namanga, akienda Kuwait, ambako kuingiza pombe kumekatazwa kabisa, huiacha kwao bila ya ubishi. Kwa hiyo uwezo wa kutii anao.

Chupa zinazobaki

Kuna jambo jingine linalotokea mwisho wa safari. Wageni wanapanda ndege, na katika gari zimebaki chupa tatu au nne. Wanamwambia dereva: "Hizi ni zako, kama hunywi uza." Kijana anaona hii ni riziki iliyokuja yenyewe.

Jawabu la jambo hili limetangulia kwa zaidi ya karne kumi na nne. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas kwamba mtu mmoja alimletea Mtume (S.A.W) zawadi ya kiriba cha pombe. Mtume akamuuliza kama alikuwa anajua kuwa Mwenyezi Mungu ameiharamisha. Akajibu kuwa hakujua. Kisha yule mtu akamnong'oneza mwenziwe aliyekuwa pembeni. Mtume akamuuliza amemnong'oneza nini, naye akasema kuwa amemwambia aiuze. Hapo akaelezwa kuwa Yule aliyeharamisha kuinywa ameharamisha pia kuiuza. Yule bwana akakifungua kiriba chake na kuimwaga yote.

Tazameni, ndugu zetu, adabu ya kisa hiki. Yule mtu hakutukanwa wala hakufukuzwa, kwa kuwa alikuwa hajui. Lakini ile njia ya kunong'ona pembeni na kugeuza haramu kuwa fedha ilifungwa hapo hapo. Chupa aliyoachiwa dereva wa leo haina tofauti na kiriba kile.

Na sheria ya nchi nayo inaikataa biashara hiyo. Tangu Januari 2019 pombe kali na mvinyo vinavyouzwa Tanzania vinatakiwa viwe na stempu ya kodi ya kielektroniki. Chupa iliyoingia kwa msamaha wa msafiri haina stempu hiyo, kwa sababu haikuingia ili iuzwe. Anayeiuza kwenye vilabu vya Karatu amefanya kosa jingine juu ya lile la kwanza. Kisha hata ikiwa tupu haijaacha kudhuru, kwani chupa yenye nembo ya kigeni huweza kujazwa chochote na kuuzwa kama pombe halisi. Majirani zetu wa Kenya walizika zaidi ya watu 100 jijini Nairobi mwezi wa Novemba 2000, na makumi wengine mwezi wa Mei 2014 katika wilaya mbalimbali, kwa sababu ya pombe iliyochanganywa na methanoli. Waliosalia, baadhi yao walipofuka. Hao wote ni watoto wa watu.

Hoja ya baridi

Wapo pia vijana, hasa wapishi na wapagazi wanaolala kambini, ambao huanza kwa kubeba na huishia kwa kuonja. Hoja yao ni baridi. Ni kweli kuwa ukingo wa bonde la Ngorongoro uko juu sana, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai huko si wa mzaha. Lakini hoja hii nayo ni kongwe. Abu Daud amepokea kuwa Dailam al-Himyari alimweleza Mtume (S.A.W) kwamba watu wa kwao wanaishi katika nchi ya baridi, wanafanya kazi nzito, na wanatengeneza kinywaji cha ngano kuwapa nguvu. Akaulizwa swali moja tu: kinalevya? Aliposema ndiyo, akaamrishwa wakiepuke. Na madaktari wa leo wanatueleza kuwa pombe huufanya mwili uhisi joto juu ya ngozi huku ukipoteza joto la ndani. Blanketi zito na chai ya tangawizi vina faida kuliko chupa hiyo. Ama majini, ambako wageni wetu wanakwenda kuvua, hatari ni kubwa zaidi, kwani aliyelewa katika mtumbwi huwatia hatarini na waliokuwa macho.

Nini kifanyike?

Si insafu kumkataza mtu jambo bila kumuonyesha njia. Mfano mzuri tunaupata kwa Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A). Imepokewa kuwa alielezwa kwamba watumishi wake wanapokea pombe na nguruwe kutoka kwa wasiokuwa Waislamu badala ya kodi. Akawakataza wasivipokee. Akaamrisha wenyewe waachiwe wauze vitu vyao, kisha watoe kilichowawajibikia kwa fedha. Hakuwanyang'anya wala hakuvimwaga, na hakukubali mikono ya Waislamu ivishike.

Kutokana na mfano huo tunapata kanuni nyepesi: mwenye mzigo aubebe mwenyewe. Mgeni aitie chupa katika begi lake, aitaje mwenyewe kwa afisa, ailipie inapozidi, aifungue mwenyewe. Dereva hana haki ya kuimwaga, wala kumtolea mgeni maneno machafu. Watu wa Karatu, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, wameishi kwa ujirani mwema, na adabu ya kijana wetu ndiyo da'awa ya kwanza anayoiona mgeni.

Kwa madereva na wapishi, tunawanasihi waliseme jambo hili kabla ya safari, wala wasingoje mpaka wamefika mpakani. Neno linalosemwa ofisini kwa utulivu, "Mimi nitawahudumia wageni kwa kila kitu, ila vileo watavishughulikia wenyewe," linakubalika mara nyingi kuliko inavyodhaniwa. Mgeni anayekuja na masanduku aelezwe pia kuwa hoteli kubwa za Karatu na za ukingoni zina vinywaji vyake, hana haja ya kubeba shehena. Akilazimishwa mtu kwa kutishiwa kazi, basi ajue kuwa darura ina mipaka yake, haihalalishi uongo kwa ajili ya starehe ya mwingine, na atafute kazi nyingine huku akimtegemea Mola wake. Suratut Talaq aya ya 2 na ya 3 zimewaahidi wachamungu njia ya kutokea na riziki wasiyoitarajia.

Kwa wenye makampuni, hasa ndugu zetu Waislamu, hili ni jukumu lenu kabla ya kuwa la dereva. Iandikeni katika mkataba wa safari kwamba kampuni haivushi vileo kwa niaba ya mgeni, na kwamba hakuna mfanyakazi atakayeazimwa jina lake. Mtaokoa dini za vijana, na mtayaokoa magari yenu.

Kwa wazazi na wake wa madereva, tunasema: mpokeeni kijana wenu kwa maswali ya upole. Bakshishi aliyopewa kwa kuendesha vizuri na kwa ukarimu wake ni halali, ileni kwa kushukuru. Lakini ikiletwa chupa nyumbani, hata kama ni ya kuuza kesho, isilale kabatini pamoja na misahafu na vitabu vya watoto. Mtoto anayeiona chupa kwa baba yake anayeswali hujifunza kuwa dini ina mlango wa nyuma. Na msimlaumu mwenye kurudi na fedha pungufu kwa sababu alikataa. Mwanamke anayemwambia mumewe, "Tutakula tulichonacho," amemsaidia katika jihadi kubwa.

Mtume (S.A.W) alimtaja mtu aliyesafiri safari ndefu, nywele zimetimka na vumbi limemjaa, anainua mikono mbinguni kuomba, ilhali chakula chake ni haramu, kinywaji chake ni haramu na mavazi yake ni haramu. Vipi atajibiwa? Hadithi hii ameipokea Muslim. Nani aliyejaa vumbi la safari kuliko dereva wa Serengeti na Ngorongoro? Dua za safarini ni katika dua zinazotarajiwa kujibiwa, na mama yake huko nyumbani naye anaomba. Basi tusiizibe njia ya dua hizo kwa chupa mbili za watu wengine.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awatosheleze vijana wetu kwa halali yake wasiihitaji haramu yake, awahifadhi katika njia zao na milima yao, na aziingize baraka nyumba zao. Wallahu a'alam. Wabillahi taufiq.